Gunpei Yokoi, fundi aliyezaa gemu mpya kutoka mitambo iliyonyauka

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KATIKA Kata ya Ijuganyondo, Manispaa ya Bukoba, jani la mgomba likikauka halihesabiwi kuwa takataka. Hutandazwa kibanjani likahifadhi unyevu na kurutubisha machipukizi, na mara nyingine huokotwa na watoto wanaolisokota na kulifunga kwa kamba za mgomba huohuo hadi wakapata mpira wa kuchezea jioni. Hakuna anayeliita jambo hilo utaalamu, kwa kuwa limekuwapo tangu enzi za mababu.

Mbali sana na migomba ya Kagera, katika mji wa Kyoto nchini Japani, aliishi mhandisi aliyejenga maisha yake yote ya kazi juu ya wazo linalokaribiana na hilo. Aliitwa Gunpei Yokoi. Teknolojia iliyozoeleka, iliyoshuka bei na kuachwa na wenye haraka ya mambo mapya, yeye aliifananisha na mmea ulionyauka. Aliamini kwamba mtu akiitazama kutoka ubavuni, badala ya mbele ambako kila mtu hutazama, anaweza kuipatia kazi ambayo hata walioivumbua hawakuiwaza.

Katika ulimwengu wa michezo ya video, Yokoi anahesabiwa miongoni mwa majina makubwa kabisa. Mashine ya mkononi ya Game Boy ilitoka katika idara yake. Kitufe chenye umbo la msalaba, ambacho leo kidole gumba cha kushoto cha kijana yeyote mpenda gemu kinakifahamu, ni ubunifu wake. Naye ndiye aliyesimamia gemu ya kwanza ya kijana mchoraji Shigeru Miyamoto, ile iliyomleta duniani Mario.

Kwa miaka mingi wachezaji na watengenezaji wa gemu wamekuwa wakibishana kuhusu mashine za zamani. Wapo wanaolalamika kwamba mashine hizo zinazirudisha nyuma gemu mpya, kwa sababu mtengenezaji anayetaka kuwauzia watu wengi hulazimika kuipunguza kazi yake ili iweze kuingia katika mtambo ulioundwa miaka kadhaa iliyopita. Malalamiko hayo yana msingi, na yatarejewa hapa baadaye. Lakini maisha ya Yokoi, aliyefariki dunia mwaka 1997, yanaonyesha kwamba mtambo mkongwe na dhaifu umewahi pia kuwa mzazi wa gemu ambazo mtambo wenye nguvu usingezizaa.

Alizaliwa mjini Kyoto Septemba 10, 1941. Alisoma uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, mjini humo humo. Alipohitimu alijaribu bahati yake katika makampuni makubwa ya umeme bila mafanikio, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya nyumbani iliyoitwa Nintendo. Wakati huo hakuna aliyelihusisha jina hilo na kompyuta. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, ilikuwa ikitengeneza karata, kwanza zile za Kijapani zenye picha za maua ziitwazo hanafuda, na baadaye hizi za kawaida zinazochezwa vijiweni hata Bukoba.

Kazi aliyopewa mhandisi huyo kijana ilikuwa kuzitunza mashine za kiwandani zilizotengeneza karata hizo. Haikuwa kazi ya kumchosha mtu mwenye elimu yake. Mashine zilipokuwa nzima alibaki na muda mwingi mikononi, na muda huo akautumia kuchonga vitu vya kujifurahisha kwa vifaa vya kiwanda. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa mkono wa vipande vilivyopishanishwa kama mkasi, ambao ukibanwa mpini unarefuka na kushika kitu kilicho mbali.

Siku moja mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, kitukuu wa mwanzilishi, alipita kiwandani akamwona akiuchezea. Baadaye Yokoi aliitwa ofisini. Kwa mfanyakazi aliyekutwa akicheza saa za kazi, wito wa namna hiyo hauna heri, naye alikwenda akitarajia karipio. Badala yake aliagizwa augeuze mkono ule uwe bidhaa ya kuuzwa. Ulitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand na kuuzwa kwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo fundi wa mashine za karata akawa mbunifu wa vifaa vya kuchezea.

Vifaa vilivyofuata vinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndimo tabia yake ilimojengeka. Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kipima mapenzi, ambacho mvulana na msichana walikishika huku wameshikana mikono, na mshale ukapanda au kushuka. Ndani hakikuwa na maajabu. Kilipima tu mkondo mdogo wa umeme unaopita katika miili ya watu wawili, jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa fizikia analifahamu. Ubunifu ulikuwa katika kuwapa vijana wa Japani ya wakati huo sababu halali ya kushikana mikono hadharani.

Mwaka 1972 ikafuata Lefty RX, gari dogo la kuongozwa kwa redio. Magari ya aina hiyo yalikuwa ghali, kwa sababu kila mwelekeo ulihitaji mitambo yake. Yokoi akaondoa karibu kila kitu. Gari lake liliweza kwenda mbele na kukata kona ya kushoto tu. Ukisikia hivyo unaweza kucheka, lakini gari la mashindano linalozunguka uwanja wa duara halihitaji kona ya kulia. Bei ikashuka, na watoto ambao wazazi wao wasingemudu gari kamili wakapata la kwao.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutumia seli za umeme wa jua za kampuni ya Sharp kutengeneza bunduki ya kuchezea iliyorusha mwanga. Seli iliyobuniwa kuzalisha umeme aliigeuza kuwa shabaha inayotambua kwamba imepigwa. Kisha ukaja mwaka 1973. Japani ilikuwa imetoka katika homa ya mchezo wa kuangusha vigingi kwa tufe zito, maarufu kwa jina la bolingi, na mamia ya kumbi zilizojengwa kwa ajili hiyo zilianza kukosa wateja. Nintendo ikazigeuza baadhi yake kuwa viwanja vya kulenga shabaha kwa bunduki za mwanga. Majengo yaliyoachwa yakapata mchezo mpya, ingawa si kwa muda mrefu. Mgogoro wa mafuta wa mwaka huohuo uliwafanya wateja kufuta oda zao na kampuni ikabaki na mzigo mkubwa wa madeni.

Miaka kadhaa baadaye, inaelezwa kuwa Yokoi akiwa safarini ndani ya treni ya mwendo kasi alimwona mfanyakazi wa ofisini aliyechoka akibonyezabonyeza kalkuleta ili kupitisha muda. Ikumbukwe kwamba katika miaka ya 1970 makampuni ya Sharp na Casio yalikuwa katika vita kali vya kalkuleta. Ushindani huo ulishusha sana bei ya chipu ndogo na ya vioo vya LCD. Ile iliyokuwa teknolojia ya fahari ikawa bidhaa ya rafuni.

Wazo lake la mchezo mdogo unaotosha kufichwa viganjani lilimfikia mkuu wa kampuni kwa njia ya ajabu kidogo. Dereva wa Yamauchi alikuwa anaumwa, na Yokoi akaombwa kuendesha gari la bosi. Njiani akalitaja wazo hilo, pengine kwa kutafuta tu la kuzungumza. Yamauchi alikuwa akienda kwenye mkutano ambako alikaa karibu na mkuu wa Sharp, na haukupita muda wataalamu wa Sharp wakafika Nintendo kuzungumzia vioo.

Aprili 1980 ikazaliwa Game & Watch, mchezo na saa katika kimashine kimoja. Kioo chake kilikuwa na udhaifu mkubwa. Picha zote zilichapwa humo tangu kiwandani, na kilichowezekana ni kuziwasha na kuzizima, kama tarakimu za kalkuleta. Mwanasesere wa mchezo hakuweza kutembea; alizimwa hapa akawashwa pale. Kwa hiyo michezo yenyewe ilibidi ibuniwe kwa kufuata mapigo hayo: kudaka mpira kabla haujaanguka, kuokoa watu wanaoruka kutoka jengo linaloungua. Urahisi wake, uliotokana na umaskini wa kioo, ndio uliowanasa hata watu wasiojali michezo. Hadi mfululizo huo ulipokoma mwaka 1991, vimashine zaidi ya milioni 43 vilikuwa vimeuzwa.

Mwaka uliofuata ulileta mtihani wa aina nyingine, ambao pengine ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa mtambo wa zamani kuzaa gemu mpya. Tawi jipya la Nintendo nchini Marekani lilikuwa limeagiza mashine 3,000 za gemu ya kutumbukiza sarafu iitwayo Radar Scope. Zilisafiri kwa meli kutoka Japani kwa miezi kadhaa, na zilipowasili wateja walikuwa wamekwisha kuichoka. Takriban mashine 2,000 zikabaki ghalani. Tawi changa lilikuwa hatarini kufa.

Yamauchi hakuwa na fedha za kuchezea. Aliagiza itengenezwe gemu nyingine itakayofanya kazi ndani ya mashine zilezile ambazo hazijauzwa, kwa kubadilisha chipu chache tu. Kazi hiyo alipewa Miyamoto, mchoraji aliyekuwa hajawahi kuongoza utengenezaji wa gemu, na Yokoi akawekwa kuwa msimamizi wake. Matokeo yake yalikuwa Donkey Kong, iliyotoka mwaka 1981.

Mtu akimtazama Mario leo anaona mhusika aliyechorwa kwa hiari ya msanii. Ukweli ni kwamba alichorwa kwa amri ya mtambo. Nafasi ya kumchora ilikuwa nukta 16 kwa 16. Nywele zisingeonekana vizuri zikiruka, akavalishwa kofia. Mdomo usingeonekana kabisa, akapewa pua kubwa na masharubu. Ili mikono itofautiane na mwili anapokimbia, akavalishwa ovaroli. Fundi yule mashuhuri kuliko wote katika historia ya gemu alipata sura yake kutokana na ukata wa nukta. Mashine zilizokuwa zikikusanya vumbi ghalani ziliuzwa, na nyingine makumi ya maelfu zikatengenezwa baada yake.

Mwaka 1982 Nintendo ilitaka Donkey Kong iingie katika Game & Watch ya vioo viwili inayokunjwa kama pochi. Usukani wa fimbo, uliotumika katika mashine kubwa, ungezuia kifuniko kufungwa. Yokoi akabuni kitufe bapa cha msalaba ambacho kidole kinakifuata bila jicho kukitazama. Mwaka uliofuata kitufe hicho kiliwekwa kwenye mashine ya nyumbani ya Famicom, iliyoundwa na mwenzake Masayuki Uemura, na tangu hapo makampuni mengine yote yamekuwa yakikiiga kwa namna moja au nyingine.

Katika miaka hiyo idara yake ilitoa pia Metroid, gemu ya mwaka 1986 ambayo mchezaji akiimaliza haraka hugundua kwamba askari aliyekuwa amejificha ndani ya vazi la chuma ni mwanamke. Lakini kilele cha kazi yake kilikuwa bado mbele.

Kimashine kilichotolewa Japani Aprili 21, 1989 hakikuwavutia wapenda teknolojia. Game Boy kilikuwa na kioo cha rangi ya kijani kibichi chenye vivuli vinne tu, kisicho na taa ya ndani. Ubongo wake ulitokana na ukoo wa chipu za miaka ya 1970. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 8, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo inakizidi mara mamia. Hata ndani ya Nintendo walikuwapo waliokidharau, na kioo cha awali kilikuwa hafifu kiasi kwamba Yamauchi alikikataa na kuagiza kibadilishwe.

Wapinzani hawakulala. Mwaka huohuo kampuni ya Atari ilileta Lynx, yenye rangi, na mwaka uliofuata Sega ikatoa Game Gear, nayo ya rangi. Inasimuliwa kwamba Yokoi alipoletewa habari za mashine ya mpinzani aliuliza jambo moja tu, iwapo ilikuwa na rangi, na alipojibiwa kuwa ilikuwa nayo, alipumua.

Sababu ya utulivu wake ilikuwa betri. Mashine za rangi zilimeza betri sita na kuzimaliza kwa saa chache. Game Boy ilitumia betri nne na kudumu zaidi ya saa kumi. Nchini Marekani iliuzwa kwa takriban dola 90, wakati Lynx ilianza kwa takriban dola 180. Yeyote aliyewahi kuanika betri za redio juani ili apate taarifa ya habari ya jioni ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Mtoto hanunui rangi. Ananunua muda wa kucheza kabla mzazi hajakataa kutoa fedha za betri nyingine.

Kulikuwa na faida ya pili, isiyozungumzwa sana. Kwa kuwa chipu zilikuwa za kizamani, waandishi wa programu walizifahamu vyema. Hawakupoteza miaka kujifunza mtambo. Nguvu zao zote ziliingia katika mchezo wenyewe, na gemu zikatoka kwa wingi na kwa gharama ndogo.

Gemu iliyoiuza Game Boy duniani nayo ilizaliwa katika unyonge. Alexey Pajitnov aliitengeneza Tetris mjini Moscow mwaka 1984 kwa kompyuta ya Kisovieti, Elektronika 60, ambayo haikuweza kuchora picha. Ilionyesha herufi na alama tu, hivyo matofali yanayoanguka aliyaunda kwa alama za mabano. Gemu isiyohitaji rangi wala mchoro ilikutana na mashine isiyo na rangi wala mchoro wa kujivunia, na ndoa yao ikawa ya kufana. Mwangwi wake ulifika hadi Afrika Mashariki, ambako katika miaka ya 1990 vimashine vya bei nafuu vya kupanga matofali, vilivyotengenezwa China, viliuzwa madukani na mikononi mwa wamachinga. Wengi walioshinda navyo hawakuwahi kulisikia jina la Yokoi wala la Pajitnov.

Mwaka 1997 simu za Nokia zilianza kuja na mchezo wa nyoka. Haukutoka kwa Yokoi, ila ulitii kanuni ileile. Kioo cha nukta chache kilichokusudiwa kuonyesha namba za simu kikapata kazi ya pili, na katika nchi nyingi ukawa ndio mchezo wa kwanza wa video kwa watu wasiowahi kugusa mashine ya gemu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, jijini Nairobi, kampuni ya Planet Rackus nayo iliwafuata wateja walipo kwa kutengeneza Ma3Racer, gemu ya kuendesha matatu kwenye simu za Nokia.

Ingekuwa rahisi kusimulia maisha ya Yokoi kama mfululizo wa ushindi. Mwaka 1995 unazuia hilo.

Julai mwaka huo Nintendo ilitoa Virtual Boy, kifaa ambacho mchezaji alitumbukiza uso ndani yake ili aone mchezo wenye kina, kana kwamba yumo ndani. Yokoi alikuwa ameitumia kanuni yake ya siku zote. Alichagua taa ndogo nyekundu za LED kwa sababu zilikuwa rahisi na zilikula umeme kidogo, ilhali za rangi nyingine zilikuwa ghali mno. Lakini safari hii unyonge wa mtambo haukuzaa neema. Kila gemu ilikuwa nyekundu juu ya weusi. Kifaa kilisimama mezani kwa miguu yake, mchezaji akainama, na wengi wakalalamika kuumwa kichwa na macho. Hakikuwa cha mkononi wala cha sebuleni. Viliuzwa vipatavyo 770,000 tu duniani kote, na kabla ya mwaka kwisha Japani ilikuwa imekwisha kukiacha.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo wafuasi wake wengi hawaioni. Katika Game Boy, kile kilichopunguzwa, yaani rangi, mchezaji hakukihitaji ili afurahi. Katika Virtual Boy kilichopunguzwa kilikuwa ndicho hasa kilichouzwa. Mtu aliyeahidiwa kuingia katika ulimwengu mwingine hakuridhika kuukuta ukiwa na rangi moja. Kanuni ya kutumia kilichonyauka haimsaidii mtu asiyejua mchezo wake unahitaji nini, na safari ile hata mwenye kanuni aliteleza.

Agosti 1996, baada ya miaka 31, Yokoi aliondoka Nintendo. Wengi walilihusisha tukio hilo na aibu ya Virtual Boy. Yeye mwenyewe alilikanusha jambo hilo kwa maandishi, akieleza kwamba kwa muda mrefu alikuwa amepanga kujitegemea akivuka umri wa miaka 50. Vyovyote iwavyo, wakati wa kuondoka kwake una uchungu wake. Februari mwaka huohuo ilikuwa imetoka Pokémon, kwa ajili ya Game Boy iliyokuwa ikikaribia kutimiza miaka saba, umri ambao mashine ya gemu huhesabiwa kuwa kikongwe. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alivutiwa na waya mdogo wa kuunganisha Game Boy mbili, uliokuwapo tangu mwanzo na kutumika zaidi kwa mashindano. Aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mashine moja hadi nyingine, na kutokana na wazo hilo akatengeneza gemu ambayo wachezaji hubadilishana viumbe vyao 151. Kimashine kilichodhaniwa kuzeeka kikaanza maisha mapya. Pamoja na mdogo wake mwenye rangi, Game Boy Color, kiliuzwa kwa zaidi ya milioni 118.

Yokoi hakuwa tena katika jengo hilo kushuhudia. Alikuwa amefungua kampuni yake ndogo mjini Kyoto, iliyoitwa Koto, na kuanza kushirikiana na kampuni ya Bandai kubuni mashine nyingine ya mkononi. Ilikuwa ni Yokoi yuleyule. Wakati wengine walikimbilia rangi na picha za kina, yeye alichora kimashine cheusi na cheupe kitakachotumia betri moja tu.

Oktoba 4, 1997, akiwa safarini katika barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa, gari alimokuwa lilihusika katika ajali. Alishuka kutazama uharibifu uliotokea. Gari jingine lililokuwa likija likamgonga. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 56.

Mashine aliyoiacha mezani ilitoka Machi 1999 kwa jina la WonderSwan, ikiuzwa kwa yeni 4,800, chini ya nusu ya bei iliyozinduliwa nayo Game Boy miaka kumi kabla. Pamoja nayo ilitolewa gemu ya mafumbo iliyoitwa Gunpey, kwa heshima yake. Mwaka 2003 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa gemu kilimtunukia tuzo ya mchango wa maisha yake yote.

Nintendo iliendelea kutembea katika nyayo zake. Vioo viwili vinavyokunjwa vilirudi mwaka 2004 katika mashine ya DS. Mwaka 2006 ilitoa Wii, iliyojengwa juu ya mitambo ya mashine yake iliyotangulia wakati Sony na Microsoft walishindana kwa picha angavu. Wii, ambayo mchezaji aliiongoza kwa kupunga mkono, ilivuka milioni 100 ikawapata hata bibi na babu. Switch ya mwaka 2017 nayo ilitumia chipu iliyotangazwa tangu mwaka 2015.

Upande wa pili wa hoja ulijionyesha waziwazi Desemba 2020. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa Cyberpunk 2077, gemu yenye jiji kubwa lililojaa watu na magari, ambayo iliahidiwa kufanya kazi hata katika PlayStation 4 ya mwaka 2013. Katika mashine hizo kongwe ilikwama, ikajizima na kuharibika picha, kiasi kwamba Sony iliiondoa katika duka lake la mtandaoni kwa takriban miezi sita na wanunuzi wakarudishiwa fedha. Gemu hiyo haikubuniwa kwa mtambo wa zamani. Ilisukumwa ndani yake kwa sababu humo ndimo walimokuwa wateja. Hilo ni jambo tofauti kabisa na alilolifanya Yokoi.

Wateja, hata hivyo, hawahami kwa sababu tu kiwanda kimetangaza kitu kipya. PlayStation 2 iliingia sokoni mwaka 2000, na Sony ilithibitisha kuacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013. Bado Septemba mwaka huo gemu ya mpira ya FIFA 14 ilitolewa pia kwa ajili yake, ikiwa ya mwisho katika mfululizo huo kuikumbuka mashine hiyo. Katika vibanda vya gemu vya miji ya Tanzania, ambako kijana hulipia mechi na si mashine, ilidumu miaka mingi baada ya hapo. Kwa mwenye kibanda, mashine ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifungua na kuirekebisha ina thamani ambayo haiandikwi kwenye boksi la mashine mpya.

Oktoba 2024 Nintendo ilifungua makumbusho yake katika mji wa Uji, jirani na Kyoto. Haikujenga jengo jipya kwa ajili hiyo; ilikarabati kiwanda chake cha zamani cha Ogura, kilichojengwa mwaka 1969 na kuwahi kutengeneza karata na hanafuda. Miongoni mwa vitu ambavyo wageni wanaruhusiwa kuvishika na kuvichezea ni kipima mapenzi, pamoja na ule mkono wa kurefuka ambao fundi wa mashine za karata aliuchonga kwa sababu siku hiyo hakuwa na mashine ya kurekebisha.